Mtu wa Ndani ya Spika

Kwa miaka mingi, tena miaka ya utu uzima wangu, si ya utoto, niliamini kwamba ndani ya spika kubwa ya kushoto, katika matamasha ya yule mwimbaji wa roki tuliyekuwa tukimwabudu, kulikuwa na mtu. Mtu mzima, na gitaa lake, amejikunja humo kama nyoka kikapuni, anapiga nyimbo zote huku mwimbaji akirandaranda mbele na gitaa lisilo na kazi. Nilijua hata maisha yake. Alikuwa mfupi. Alikuwa Mkongo, kwa sababu kulipiga gitaa namna ile magoti yako yakiwa yamegusa masikio si kazi ya taifa jingine. Lile tundu la duara nyuma ya spika lilikuwa la kumpitishia hewa na, wimbo mrefu ukiisha, la kumpitishia chapati.

Msinicheke kwanza. Ngojeni tufike mwisho, mtanicheka kwa ukamilifu. Mimi nina cheti cha shule ya jioni. Nimechora spika ubaoni mbele ya darasa zima, sumaku hapa, waya hapa, karatasi inayotetemeka hapa, mwalimu akanipa vema kubwa kama dirisha. Kisha nikarudi kwenye benchi langu nikijua kwamba hizo ni spika za shule, na spika za tamasha ni habari nyingine.

Imani hii sikuiokota barabarani. Niliipata kwa Kinyozi, na ndiyo sababu siwezi kusimulia ujinga wangu bila kumsimulia yeye.

Kinyozi alikuwa na jina, lakini hata mkewe hakulitumia. Alitoka Kongo ya mashariki. Alizaliwa mwaka gani na ukoo wake ni upi, hayo waulizeni wanaoandika habari za marais. Mimi ninachojua ni saluni yake, chini ya kilima cha Old Kampala, kwenye varanda ya duka la zamani la Wahindi. Vita vilikuwa vimekwisha na watu walikuwa wameanza tena kuipa barabara mgongo bila wasiwasi, na kunyolewa, ukifikiri, ni kuipa barabara mgongo. Kulikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, benchi la wanaosubiri, benchi la wasiosubiri chochote, na nyuma ya pazia mkewe akisuka wanawake. Juu ya kabati walikaa wafalme wetu wawili: televisheni na deki ya video.

Alikuwa mtu wa kujipenda. Alivaa shati jeupe kunyoa watu, jambo ambalo kinyozi mwenye akili hangelifanya, na viatu vyake vilikuwa na mng'aro ambao ungeweza kunyolea ndevu ukivitazama. Alijipaka poda shingoni kuliko alivyotupaka sisi. Ukimwambia amependeza alijibu, "Najua," akaendelea na kazi.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani na hakukipata: tukubali kwamba aliwahi kupiga gitaa.

Alidai kwamba huko kwao alikuwa katika bendi, bendi kubwa ya kuvalia suti, na kwamba ilivunjikia hapa hapa Kampala asubuhi moja, kiongozi alipoondoka na vyombo vyote kuelekea Nairobi, gitaa la Kinyozi likiwa miongoni mwavyo. Sisi hatukuwahi kumwona na gitaa. Ushahidi wake ulikuwa kaseti moja tu, iliyorekodiwa katika ua wa mtu. Aliiweka redioni, akazima mashine ya kunyolea, akainua kidole.

"Sikia. Sikia pale! Ile, ile, ile... ni miye!"

Tulitega masikio mpaka shingo zikauma. Tulisikia solo ikilia kama mtoto anayetaka maziwa. Tulisikia ngoma. Tulisikia, waziwazi kabisa, jogoo.

"Nimesikia jogoo," nikasema.

"Munasikia jogoo, hamusikie miye?"

"Jogoo yuko karibu na maikrofoni, Kinyozi."

Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo tulimwuliza kama jogoo naye alivaa suti. Alicheka pamoja nasi, maana hakuwa mtu wa kununa, lakini kaseti aliitoa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mbele ya wageni walevi.

Alikuwa na tabia mbili ambazo lazima nizieleze.

Ya kwanza: akikunyoa, mkono wa kulia ulishika mashine, wa kushoto ulishika kichwa chako, na vidole vya huo wa kushoto havikutulia. Vilibonyeza hapa, vikaruka, vikabonyeza pale, vikarudi. Wengine walisema anatafuta chawa. Mimi niliwaambia anapima akili, na kwamba kwangu hukawia kwa sababu eneo ni kubwa.

Ya pili: alisindikiza. Kwa desturi yetu mgeni husindikizwa, sawa, lakini Kinyozi alisindikiza wateja! Akimaliza kukunyoa alikupangusa, akavua kitambaa, akatoka nawe mpaka barabarani, wakati mwingine mpaka kwenye kona, mkimaliza habari za watoto na za mvua. Na wewe uliyebaki kitini na nusu kichwa ulingoja. Mkewe angechungulia nje ya pazia na kusema, "Shemeji, vumilia, anasindikiza." Neno hilo tulilisikia pale kuliko neno "karibu". Likumbukeni, ndilo lililoniponza.

Nusu kichwa ilikuwa pia silaha yake. Umeme ulipokatika ulitoka na nusu kichwa kwa bahati mbaya. Ulipobishana naye ulitoka na nusu kichwa kwa hukumu. Siku nilipodai kwamba gitaa la mwimbaji wetu halikuwa hata na nyuzi, alizima mashine, akaitundika ukutani.

"Magodoro," akaniambia, maana nilifanya kazi kiwanda cha magodoro kule Nakawa, "enda ufikiri. Nusu ile ingine utanyolewa kisha."

Nikaenda kazini hivyo hivyo. Msimamizi akaniuliza hiyo ni nini, nikamwambia ni mtindo. Kufika Ijumaa idara nzima ya povu ilikuwa imenyoa upande mmoja. Wanasema naongeza chumvi, waulizeni walionyoa.

Sasa, kuhusu mwimbaji. Kanda ya tamasha lake ilikuwa moja tu, na tuliitazama mpaka uso wake ukageuka kijani. Tulijua kila anapopumua. Aliingia jukwaani na gitaa limening'inia kifuani, akaimba, akaruka, akalipigapiga kwa mkono wa kulia kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye koti. Swali lililotugawa lilikuwa hili: yule mtu anapiga gitaa kweli, au amelivaa?

Chama cha Wapigaji kiliongozwa na Koplo, mwanajeshi mstaafu aliyelinda ghala moja jirani na kiwanda chetu na kupandisha nami Old Kampala kila tulipotoka kazini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, na kwake r na l walikuwa ndugu wa tumbo moja. "Mimi naona vidole," alisema. "Vidole yake natembea. Kama vidole natembea, gitaa naria. Hiyo ni sheria."

Chama cha Tai nilikiongoza mimi. Sisi tulisema gitaa lile ni tai: huvaliwa kwa heshima, halifanyi kitu. Na tulikuwa na ushahidi. Katikati ya wimbo wa polepole, mahali patamu kuliko pote, gitaa likilia mpaka wanawake nyuma ya pazia wanaacha kusukwa, mwimbaji aliachia mikono yote miwili na kupiga makofi. Na gitaa likaendelea kulia!

"Afande," nilimwambia Koplo, "vidole viko hewani. Sheria yako iko wapi?"

"Iko mtu ingine."

"Yuko wapi? Nionyeshe."

Koplo alisogeza pua mpaka kwenye kioo, bure, kwa sababu kamera ya kanda ile ilimpenda mwimbaji kama mama mkwe anavyompenda mkwe mwenye gari. Haikumwonyesha mwingine yeyote ila mpiga ngoma. Kitu pekee kilichowahi kuonekana, kwa muda wa kufumba na kufumbua, upande wa kushoto, kando ya ile spika nyeusi, kilikuwa kiwiko. Kiwiko cha mtu. Kinajitokeza, kinatikisika, kinapotea. Tulirudisha kanda kukitazama kiwiko kile mpaka deki ikaanza kutafuna.

Katika mabishano hayo Kinyozi hakuwa na chama, na hilo lilituudhi. Methali inasema mwenzako akinyolewa wewe tia maji; pale mwenzako akinyolewa wewe ulitia maneno, na Kinyozi aliyatia kuliko wote, isipokuwa juu ya jambo hili. Alikuwa mtu wa kinyume. Alitufundisha kusikiliza muziki huku akizungumza tangu wimbo unaanza hadi unakwisha. Aliwasema vibaya wapiga solo wote, eti ni watu wa kujionyesha, na yeye huyo huyo amevaa shati jeupe kunyolea. Msemo wake mkuu ulikuwa huu: "Solo ni bibi-arusi, wote banamuangalia. Mwenye kusindikiza ni barabara. Nani alishaka kushukuru barabara?" Sisi tulidhani anazungumza habari za harusi.

Jumamosi moja Koplo alichoka kushindwa. Saluni ilikuwa imejaa, mimi niko kitini, kitambaa shingoni. Akasimama mbele ya televisheni kama anayekagua gwaride.

"Fundi," akamwambia Kinyozi, "wewe nasema iripiga gitaa. Basi toa hukumu. Huyu mtu napiga ama hapana?"

Kinyozi akazima mashine. Nilihisi vidole vyake vikitulia juu ya kichwa changu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Hakutazama televisheni. Alitutazama sisi, mmoja mmoja, na nadhani aliona kwamba siku yake imefika: mtu amemwita fundi mbele ya watu na kumwuliza juu ya gitaa.

"Hapige solo," akasema. "Ule anasindikiza. Na minawaambia, anasindikiza muzuri sana. Muzuri kupita."

Mimi niliruka na kitambaa changu. "Mmesikia! Hapigi! Anasindikiza!"

"Ngoja, Magodoro..."

"Anamsindikiza nani sasa? Mtu hasindikizi hewa! Kuna mgeni mahali!" Na hapo, ndugu zangu, akili yangu yote ya shule ya jioni ilikusanyika mahali pamoja na kuwaka. Niliona kila kitu. Kiwiko! Spika! "Yumo mle ndani! Mpigaji mwenyewe yumo ndani ya spika, na huyu kazi yake ni kumleta jukwaani na kumrudisha nyumbani! Kiwiko kile ni chake, joto limemzidi, amekitoa nje kipate hewa!"

Sijawahi kushangiliwa vile tena maishani, hata siku ya cheti. Watu walipiga benchi. Koplo mwenyewe alicheka mpaka akatoa kofia. Kinyozi alisimama katikati na mashine mkononi akijaribu kusema neno, na kila alipofungua mdomo mtu alipaza sauti, "Mpelekeeni chapati!"

Kelele zilipopungua alisema, si kwa hasira, "Kama ile haiko kupiga, basi na miye sikupiga hata siku moja."

Nikamjibu haraka, maana ulimi wangu ulikuwa bado unashangilia: "Si ndivyo tunavyokuambia siku zote, Kinyozi?"

Wakacheka tena. Yeye pia akacheka. Akasema, "Magodoro ni mucheshi," akawasha mashine, akaninyoa kichwa chote, vizuri kabisa, bila adhabu. Nyuma ya pazia mkewe alikuwa ameacha kusuka, sikumwona, ila mwanamke aliyesukwa alisikika akiuliza, "Mbona mikono imesimama?" Nilipolipa na kutoka, Kinyozi hakunisindikiza. Nilifika kwenye kona peke yangu, nikadhani ni kwa sababu ya foleni.

Kaseti ya jogoo hatukuisikia tena.

Jambo lililonichukua miaka kulielewa ni kwamba watu wote mle walidhani nafanya mzaha. Kinyozi pia. Hakunisahihisha kwa sababu hakuna anayesahihisha mzaha. Ni mimi peke yangu niliyetoka pale nimeamini kwa moyo wote, nikaieneza habari ya mtu wa spika kiwandani, sokoni Nakawa, na shuleni pia, ambako kijana mmoja aliuliza huyo mtu anakwenda haja wapi, nikamjibu kwamba wasanii wakubwa hujizuia.

Saluni ilifungwa baadaye, Wahindi wenye duka waliporudi kulidai. Koplo alirudi kwao kulima. Mimi nilioa, nikapandishwa kuwa msimamizi wa idara ya povu, na nywele zangu, zilizonyolewa nusu nusu kwa hukumu mbalimbali, zikaamua kuondoka zote kwa hiari. Kule kilimani pakajengwa msikiti mkubwa, na nikipita chini yake nilitazama ile varanda, sasa wanauza simu.

Kisha mfanyakazi mwenzangu, Mkongo, akanialika ubatizo wa mtoto wake huko Kyebando. Kanisa la mabati, viti vya plastiki, mchana wa jua kali, mabati yakilia yenyewe kwa joto. Kwaya ikasimama. Kando yake kulikuwa na ngoma, kijana mwenye gitaa la solo na miwani ya jua, na nyuma kabisa, karibu na ukuta, kwenye kiti kilichofungwa kamba mguu mmoja, mzee mwenye shati jeupe sana. Ana gitaa mapajani. Anazungumza na mpiga ngoma wakati wa sala.

Nilimjua kwa poda ya shingoni.

Wimbo ukaanza. Nilitega sikio kwa nguvu zote, sikusikia kitu chake hata kimoja. Nilisikia kwaya, solo, ngoma, na mtoto wa ubatizo akikataa Ukristo. Mkono wa kulia wa Kinyozi ulikwenda juu na chini, juu na chini, kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye koti, na kwa upande wangu hakika koti ndilo alilokuwa akikung'uta. Nikajisemea, maskini, hata hapa wamempa tai.

Halafu akapata kikohozi. Aliinua mkono kuziba mdomo, na mkono wa gitaa ukasimama.

Wimbo ulichutama. Hakuna aliyekosea, solo iliendelea, ngoma iliendelea, lakini kila mmoja alionekana ghafla amesimama peke yake uwanjani. Wanakwaya wa mbele wakageuka nyuma. Kijana wa miwani akaivua. Mimi mwenyewe nilishika kiti kana kwamba sakafu imeondolewa. Kinyozi akamaliza kukohoa, akapangusa midomo kwa kitambaa kisafi, mkono ukarudi, juu na chini, na sakafu ikarudi mahali pake.

Ibada ilipokwisha nilimfuata. Hakuuliza jina. Alisema "Magodoro!" akaweka mkono wa kushoto juu ya kipara changu, na vidole vikaanza: vikabonyeza hapa, vikaruka, vikabonyeza pale, vikarudi. Bila nywele nilivisikia vizuri. Zilikuwa ni zile zile nafasi alizokuwa akizishika dakika chache kabla kwenye shingo ya gitaa. Kumbe miaka yote ile benchi zima tulikuwa tunapigwa nyimbo vichwani na kulalamika habari za chawa.

"Ngoja kidogo," akaniambia, "nisindikize hawa." Akatoka na wazee wawili wa kanisa kuelekea barabarani.

Nikabaki na vyombo. Na sasa ndiyo nafasi yenu ya kunicheka, maana mtu yeyote mwenye akili angekuwa ameshaelewa, lakini kichwa changu ni kile ambacho wengi wamejifunzia kunyoa. Nilichowaza ni hiki: kama wimbo umeanguka, basi huenda aliyekohoa si yeye, bali mtu wa ndani ya spika. Palikuwa na spika kubwa nyeusi ukutani. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikapiga magoti na suti yangu ya ubatizo, nikachungulia kwenye lile tundu la nyuma.

"Shemeji," sauti ikasema, "unatafuta nini?"

Alikuwa mkewe, amezeeka vizuri, ana kitenge mkononi cha kufunika vyombo. Sikuwa na uongo wa karibu, na hilo kwangu ni jambo la ajabu. Nikamwambia. Nikamwambia habari yote, mwimbaji, kiwiko, chapati, na kwamba haukuwa mzaha.

Hakucheka. Alitandaza kitenge juu ya spika, akakinyoosha pembe zote.

"Ndani ya spika hamuna mutu," akasema. "Mwenye solo alisimama kando ya ile spika ya tamasha, kiwiko kilikuwa chake, kamera haikumuonyesha. Kusindikiza ni kupiga gitaa, shemeji. Ni kupiga. Alikuwa anapiga siku zote."